Sura ya Sita: Akagera na Wanyama Wajao

Siku ambayo mnyama mgeni hufunguliwa mlango wa sanduku lake akatia mguu katika ardhi mpya ndiyo siku ionwayo na watu wengi. Hupigwa picha, hutangazwa magazetini, na aghalabu huhesabiwa kuwa ndiyo mwanzo wa habari. Walakini kwa wale waliopewa dhamana ya kuitunza hifadhi, siku hiyo ni hatima ya kazi ya miaka mingi: kazi ya kupatana na majirani, kusimamisha ulinzi, kupima malisho na maji, na zaidi ya yote, kazi ya kusubiri. Nataka kulithibitisha jambo hilo katika sura hii kwa kuitazama Hifadhi ya Taifa ya Akagera, mashariki ya Rwanda, kwa sababu ni chache hifadhi za pande zetu zilizopoteza mengi namna ile na kuyarejesha mengi namna ile katika umri wa mtu mmoja. Na kwa sababu mustakabali wake, yaani wanyama ambao bado hawajafika na mipango ambayo bado haijatimia, utategemea kushikwa kwa utaratibu uleule uliozaa mafanikio ya mwanzo.

Akagera imelala kandokando ya mto Kagera, mpakani mwa Rwanda na Tanzania, katika nchi iliyo chini na yenye joto kuliko vilima vya Rwanda ya kati. Upande wa magharibi pana vilima vya majani na miti ya migunga. Upande wa kaskazini pana mbuga za nyasi ambako nyati, punda milia na nyamera hukusanyika. Na upande wa mashariki pana maziwa yaliyofuatana, Ihema, Hago, Mihindi na Rwanyakazinga, ambayo yamefungamana na vinamasi vya mafunjo ambamo viboko na mamba hukaa, na nzohe hujificha asionekane ila na mwenye saburi. Ndege wake ni takriban aina 500, na miongoni mwao yumo yule ndege mkubwa wa kijivu mwenye domo mfano wa kiatu, ambaye watu huvuka bahari ili wamwone. Serikali ya Wabelgiji iliitenga nchi hiyo kuwa hifadhi mwaka 1934, na eneo lake wakati huo lilizidi kilomita za mraba 2,500.

Tangu zamani Akagera ilikuwa mahali pa kupokea wanyama kutoka kwingine. Mwishoni mwa miaka ya 1950 vifaru weusi wachache walivushwa kutoka Karagwe, ng'ambo ya mto, wakaachwa humo, nao wakastawi hata katika miaka ya 1970 wakahesabiwa kuwa zaidi ya 50. Mwaka 1986 wakaletwa twiga kutoka Kenya. Baina ya safari hizo mbili ikatokea ile ya ndovu, ambayo haisimuliwi bila huzuni. Katika Bugesera, kusini ya Kigali, mashamba ya watu na njia za ndovu yalikuwa yamegongana kiasi cha kutovumilika. Basi mwaka 1975 ikaamuliwa kwamba ndovu wadogo 26 wahamishiwe Akagera, ama wazazi wao, kwa kuwa hapakuwa na uwezo wa kuwabeba, wakapigwa risasi. Mayatima hao walikua bila wakubwa wa kuwafundisha mwenendo, na mmoja wao, dume aliyeitwa Mutware, alizoea kuwakaribia watu na kuyasukuma magari yao mpaka alipokufa mwaka 2018. Ndovu wote wa Akagera wa leo ni uzao wa watoto wale. Naitaja habari hii si kwa kuwalaumu watu waliokwisha kupita, bali kwa kuwa inaonyesha tangu mapema kwamba kumhamisha mnyama si kuuhamisha mwili wake peke yake: ana jamaa, ana mazoea, ana elimu aliyopewa na wakubwa wake, na asipopewa nafasi ya kwenda navyo, upungufu huo humwandama maisha yake yote.

Kisha ikaja miaka ya vita, na katika vita hivyo yale mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, ambayo mbele yake habari za wanyama huonekana kuwa ndogo. Nchi ilipotulia, Wanyarwanda waliokuwa wameishi ugenini miaka mingi walirejea kwa malaki, wengi wao na ng'ombe wao, wakataka mahali pa kukaa na pa kulisha. Na nchi iliyokuwa tupu ilikuwa ile ya Akagera. Mwaka 1997 serikali ikaipunguza hifadhi mpaka kilomita za mraba zipatazo 1,120, yaani chini ya nusu ya eneo la mwanzo, na hata katika hiyo iliyosalia mifugo iliendelea kuingia. Simba walipokula ng'ombe, wachungaji walitia sumu katika mizoga, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 simba wa mwisho wa Akagera akatoweka. Vifaru waliwindwa kwa ajili ya pembe zao, na yule wa mwisho alionekana mwaka 2007. Mwenye insafu hawezi kumhukumu mtu aliyetoka ukimbizini na ng'ombe watano, ambao ndio mali yake yote, akamwona simba amemla mmoja. Kosa lilikuwa la utaratibu uliomweka mchungaji na simba mlango kwa mlango, bila ukuta baina yao, bila fidia kwa aliyepata hasara, na bila faida yoyote ambayo mchungaji angeweza kuiona kwa kumwacha simba aishi.

Utaratibu huo ndio uliorekebishwa kwanza. Mwaka 2010 serikali ya Rwanda, kwa mkono wa Bodi ya Maendeleo, iliingia mkataba na shirika la African Parks, ikaundwa kampuni ya pamoja ya kuisimamia Akagera. Ingalikuwa rahisi kuanza kwa kuleta simba, maana simba ndiye avutaye wageni na fedha. Lakini wasimamizi hawakufanya hivyo. Walianza kwa kuimarisha askari wa hifadhi, kuondoa mitego ya waya, na kuzungumza na vijiji. Mwaka 2013 ukakamilika ua wa umeme wa jua wenye urefu wa kilomita 120 katika mpaka wote wa magharibi, ilhali upande wa mashariki umeachiwa maziwa, vinamasi na mto kuwa mpaka wa maumbile. Wakaletwa na mbwa waliofunzwa kufuata harufu za majangili. Aidha, kwa kanuni ya nchi, sehemu ya mapato ya utalii wa hifadhi za taifa hurudi kwa wananchi wa jirani, kwanza asilimia 5 tangu mwaka 2005, kisha asilimia 10 tangu mwaka 2017, nayo hujenga shule, zahanati na visima. Na pana mfuko wa kumlipa mtu ambaye mnyama wa porini amemharibia shamba au amemdhuru. Mambo haya hayaamshi shangwe ya kusomwa gazetini, lakini ndiyo msingi, na kila kilichojengwa baadaye kimesimama juu yake.

Msingi ulipokwisha kukauka ndipo simba wakarudi. Mwaka 2015 walifika saba kutoka Afrika Kusini, majike watano na madume wawili, wakawekwa kwanza katika zizi la ua ili wazoeane na kuizoea hewa ya nchi, kisha wakafunguliwa. Majike walizaa mapema, na kundi likaongezeka mara kadhaa katika miaka michache. Walakini wasimamizi walijua kwamba uzao wa wazazi saba, ukifungiwa katika nchi yenye ua, hauchelewi kuoana ndugu kwa ndugu. Basi mwaka 2017 wakaongeza madume wawili wa damu nyingine. Katika pori lisilo na ukuta, dume kijana hufukuzwa na baba yake, akasafiri mbali, akaoa kwa watu. Lakini pori likishazungushiwa ua, kazi hiyo ya maumbile inakuwa taklifu ya binadamu, naye hana budi kuitenda daima dawamu. Hili ni sharti ambalo wengi hulisahau wanapotamani ua: ua huondoa ugomvi na majirani, ila humbebesha mlinzi mizigo ambayo zamani ilibebwa na upana wa nchi.

Mwezi wa Mei mwaka huohuo wa 2017 wakaletwa vifaru weusi 18 wa jamii ya mashariki kutoka Afrika Kusini. Msomaji aweza kuuliza vipi kifaru wa Afrika Mashariki alitafutwa kusini. Jawabu lake ni kwamba katika miaka ya 1960 vifaru wachache wa Kenya walipelekwa Hifadhi ya Addo, huko kusini, wakazaliana kwa salama katika miongo ileile ambayo ndugu zao waliobaki kwetu walikuwa wakimalizwa na majangili. Kwa hiyo waliokuja Akagera walikuwa wajukuu wanaorejea katika pande za babu zao. Mwaka 2019 wakafuata watano waliozaliwa katika bustani za wanyama za Ulaya, wengi wao kutoka Dvůr Králové katika nchi ya Cheki. Hawa hawakupata kuonja majani ya Afrika wala kuumwa na mbung'o, na kifaru asiyepata kuumwa na mbung'o hana kinga ya maradhi ambayo mdudu huyo huyachukua. Ndiyo maana walihamishwa kwa daraja, kutoka zizi dogo kwenda kubwa, na kutoka kubwa kwenda kubwa zaidi, huku wakibadilishiwa chakula kidogo kidogo na kuangaliwa na madaktari.

Kazi hiyo ilidai hata roho ya mtu. Krisztián Gyöngyi, mtaalamu wa vifaru kutoka Hungaria, ambaye alikuja Akagera kuwafundisha askari namna ya kufuata nyayo za vifaru na kuwalinda, aliuawa na kifaru ndani ya hifadhi mwezi wa Juni mwaka 2017, wiki chache tu baada ya wanyama hao kufika. Wanafunzi wake waliendelea na kazi aliyowafundisha. Tunapohesabu thamani ya kifaru anayezaliwa leo katika vichaka vile, yafaa tuitie katika hesabu na gharama hiyo.

Sasa tufikie jambo lenye hitilafu ya rai baina ya wataalamu, nalo ni vifaru weupe. Mwezi wa Novemba mwaka 2021 waliletwa 30 kwa pamoja kutoka Afrika Kusini, na mwezi wa Juni mwaka 2025 wakaletwa wengine 70, katika safari mbili za ndege na malori zenye masafa ya zaidi ya kilomita 3,000. Kifaru mweupe wa kusini si mwenyeji wa Rwanda, na wapo wanaosema kwamba haifai kuingiza katika nchi mnyama ambaye maumbile hayakumweka humo. Hoja hiyo ina uzito, maana madhara ya wanyama na mimea iliyoingizwa kwa pupa yamejaa katika tawarikhi ya dunia. Lakini ipo hoja ya upande wa pili: ndugu yake wa kaskazini, ambaye alikuwa mwenyeji wa Uganda, Sudani na Kongo, amesalia majike wawili tu, wanaotunzwa Ol Pejeta nchini Kenya, na yule wa kusini yumo hatarini kwa ujangili katika nchi yake mwenyewe, ambako wengi wao wamekusanyika. Mtu mwenye hadhari haweki akiba yake yote katika kasha moja. Kifaru mweupe ni mla nyasi, na Akagera ina nyasi nyingi ambazo zamani zililiwa na makundi makubwa kuliko ya sasa; hivyo kumpa makimbilio katika nchi yenye ulinzi imara ni maslaha yake na hakudhulumu mwenyeji, maadamu nyasi zinapimwa kila mwaka na idadi haiachwi kuzidi malisho. Mimi naona hoja ya pili imeishinda ya kwanza, kwa sharti hilo la kupima.

Tukiyatazama yajayo, swali la kwanza si "nani aletwe?" bali "nani aliyekuwepo na bado hayupo, na kwa nini?" Kwa kipimo hicho, anayetangulia ni mbwa mwitu. Zamani Akagera ilijulikana kwa mbwa mwitu wake hata ikapewa lakabu kwa jina lao, lakini katika miaka ya 1980 walitoweka, na hawajarudi. Duniani wamesalia chini ya 7,000. Kumrejesha ni kazi ngumu kuliko kumrejesha simba, na ugumu wake wataka kuelezwa. Kwanza, mbwa mwitu huishi kwa ushirika: katika kundi huzaa jike mmoja mkuu na dume wake, na wengine wote huwinda, hulinda watoto na kuwatapikia nyama, kwa hiyo hawezi kuletwa mmoja mmoja, ila kundi zima lililokwisha kupatana. Pili, kundi moja huzunguka mamia ya kilomita za mraba, na nchi ya kilomita 1,120 haiwezi kutosha makundi mengi. Tatu, simba humwua mbwa mwitu, na simba wa Akagera sasa ni wengi. Nne, na hili ndilo kubwa kuliko yote, kichaa cha mbwa na maradhi mengine huambukizwa kutoka kwa mbwa wa vijijini, na ugonjwa mmoja waweza kulimaliza kundi zima kwa siku chache.

Hata hivyo mifano ya kufuzu ipo karibu. Katika Mkomazi, kaskazini ya Tanzania, mbwa mwitu wamekuwa wakizalishwa, kuchanjwa na kurejeshwa porini tangu miaka ya 1990. Katika Serengeti, ambako walitoweka mwaka 1991, walianza kurejeshwa mwaka 2012 kwa kuchukuliwa kutoka Loliondo. Na katika Malawi, mwaka 2021, shirika lilelile la African Parks lilipeleka 14 katika hifadhi za Majete na Liwonde, ambazo nazo zimezungushiwa ua na kuzingirwa na vijiji. Ninayoyasema hapa ni rai yangu wala si tangazo la wakubwa: Akagera ikitaka kumpokea mbwa mwitu, chanjo ya mbwa wa vijiji vinavyoizunguka yapasa iitangulie safari ya mnyama kwa miaka kadhaa, na ifanywe kwa nia ya kuwafaa wenye mbwa hao na watoto wao, ambao kichaa cha mbwa huwaua wao pia. Hapo faida ya jirani na faida ya mnyama zitakuwa zimefungwa kamba moja.

Wako wengine ambao majina yao hutajwa na wageni, wakitamani orodha ya wanyama iwe ndefu kama ya mbuga kubwa za Tanzania na Kenya. Tamaa hiyo yataka kuzuiwa. Hifadhi si maonyesho ya kila kitu. Na mnyama anayeletwa ili ajaze picha ya mgeni, bila nchi kumhitaji wala kumtosha, atakuwa mzigo kwa walinzi na mateso kwa nafsi yake. Bora zaidi ni kuwatazama wale waliomo tayari kwa uchache, kama korongo, swala mkubwa ambaye idadi yake katika Akagera ni ndogo, wakasaidiwa wasije wakafuata njia ya mbwa mwitu. Mlinzi mwenye hikima huwaangalia walio wachache leo kwa jicho lilelile analowatazamia wajao kesho.

Mpango wa mwisho, ambao kwangu ndio ulio mkubwa, unapita mipaka ya Rwanda. Wanyama wa Akagera wakiendelea kuongezeka, siku itafika ambapo nchi yao itajaa, na hapo wasimamizi watakuwa na njia mbili: kupunguza idadi, au kuwapeleka waliozidi mahali pengine. Ng'ambo ya mto, upande wa Tanzania, mwaka 2019 mapori ya akiba ya Ibanda na Rumanyika yalipandishwa daraja yakawa hifadhi za taifa, na kusini yake ikaundwa Burigi-Chato. Nchi hizo zilikuwa na vifaru katika zama za babu zetu. Huko ndiko walikotoka wale wa kwanza waliovushwa kwenda Akagera. Haitakuwa ajabu, na itakuwa haki, iwapo siku moja deni hilo litalipwa kwa njia ileile ya mto, endapo upande wa kulipwa utakuwa umesimamisha ulinzi, fidia na mapatano na wafugaji na wakulima wa Karagwe na Kyerwa. Kabla ya siku hiyo yako mengi yanayoweza kutendwa bila mnyama hata mmoja kuvuka: askari wa pande mbili kupashana habari za majangili, madaktari kushauriana juu ya maradhi, na serikali mbili kukubaliana juu ya matumizi ya maziwa na vinamasi, maana samaki na viboko hawaijui mipaka.

Basi anayetaka kuipima hifadhi inayokua asiishie kuuliza ina aina ngapi za wanyama. Na aulize kama mchungaji aliyepoteza ng'ombe analipwa kabla ya hasira yake kumpeleka dukani kununua sumu. Kama mtoto wa kijiji cha jirani anasoma katika shule iliyojengwa kwa fedha za hifadhi na anajua kwamba ni za hifadhi. Kama askari analipwa mshahara wake kwa wakati na familia yake inatunzwa akifia kazini. Na kama nyasi na maji hupimwa kwa haki hata pale ambapo kipimo kinakataza jambo ambalo watalii wanalitamani. Akagera ilimpoteza simba kwa sababu maswali hayo hayakuwa na majibu, na ilimpata tena baada ya kuyajibu. Wanyama wajao, wawe mbwa mwitu au wengine, watakaa wakiyakuta yamejibiwa. Na wakiyakuta hayajajibiwa, hata ndege kubwa kuliko zote haiwezi kuwaleta wakadumu.